Mama anaumwa kiuno: eksirei, CT, MRI au "kifurushi cha mwili mzima"?

SWALI: Shikamoo daktari. Naandika kutoka Ifakara. Mama yangu ana miaka 58, ana kisukari na anatumia metformin. Huu ni mwezi wa nne anaumwa kiuno. Maumivu yanashuka tako la kulia, nyuma ya paja hadi kwenye wayo, na kidole kidogo cha mguu huo kina ganzi. Amepigwa eksirei mara tatu vituo tofauti, kote wanasema mifupa imesagika. Akafanyiwa na altrasaundi, wakasema figo ni nzima. Sasa daktari mmoja ameandika MRI, mwingine anasema CT skani inatosha, na kuna kituo kimetushauri tulipie kifurushi cha kupima mwili mzima kwa mashine ya kisasa, eti tatizo lolote litaonekana. Mguu wa kushoto ana chuma alichowekewa baada ya ajali ya bodaboda. Tumpeleke kwenye kipimo gani? Mashine kubwa kuliko zote si ndiyo itaona kila kitu? Na mionzi yote hiyo haitamletea saratani?

JIBU: Marahaba mwanangu, na mama mpe pole sana. Naona na wewe umeshachoka kuzungushwa.

Kabla ya mashine yoyote, kaa na mama leo umuulize mambo ambayo mtoto huona haya kumuuliza mzazi. Mkojo unatoka kama kawaida, au anakaa muda mrefu haujatoka, au unamponyoka? Haja kubwa anaizuia vizuri? Anapojisafisha anauhisi mkono wake, au makalio na sehemu za siri zimekufa ganzi? Miguu inamwangusha? Kama lolote kati ya haya lipo na limeanza karibuni, msisubiri gari la kesho wala kibali cha bima. Maana yake ni kwamba neva (mishipa ya fahamu) za mwisho wa uti wa mgongo huenda zinabanwa zote kwa pamoja, na zikikaa hivyo muda mrefu mgonjwa anaweza kubaki hajizuii mkojo maisha yake yote. Anapelekwa hospitali ya rufaa kama dharura, siku hiyohiyo, na MRI anafanyiwa akiwa tayari mikononi mwa watu wanaoweza kumfanyia upasuaji.

Muulize pia kuhusu homa za jioni, jasho la usiku, kikohozi, kupungua uzito bila kujinyima, na kama aliwahi kutibiwa saratani. Haya si ya kumkimbiza usiku, ila yanabadilisha kipimo, na nitayarudia.

Tukichukulia majibu yote ni hapana, ushauri wangu ni MRI ya uti wa mgongo sehemu ya kiuno, bila dawa ya kontrasti (inayodungwa ili baadhi ya vitu vionekane wazi zaidi) kwa kuanzia, na iwe baada ya daktari kumpima mama miguu kwa mikono yake. Kifurushi cha mwili mzima achaneni nacho. Sasa nieleze kwa nini.

Mashine kubwa kuliko zote inayoona kila kitu haipo. Kila moja ina kinachoonekana kwake na kinachofichika kwake, na bei haibadilishi hilo. Anza na eksirei. Tangu Wilhelm Röntgen alipoigundua miale hiyo huko Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895, msingi wake haujabadilika: miale inapita kwenye nyama kirahisi, inazuiwa na madini ya kalsiamu yaliyo kwenye mfupa, kwa hiyo mfupa unaonekana mweupe. Kwa mkono uliovunjika, kifua, au mtoto aliyemeza sarafu, sioni sababu ya kutafuta kingine kwanza. Lakini diski iliyo kati ya pingili na pingili haionekani kwenye eksirei. Neva haionekani. Tunachoona ni pengo la diski limepungua na ncha za mfupa zimeota pembeni mwa pingili, ndiyo hiyo "imesagika" mliyoambiwa. Vituo vitatu vilisema neno moja kwa sababu vyote vilitazama picha ya aina moja, na hata mngekwenda cha nne wangesema hivyohivyo. Kwa mtu wa miaka 58 aliyelima na kubeba ndoo, ningeshangaa kama mifupa ingekuwa haijasagika.

Altrasaundi hutumia sauti ambayo sikio halisikii. Sauti hiyo hugonga mfupa ikarudi, na ikikutana na hewa ya tumboni inapotea. Ndiyo maana inafaa sana kwa mimba, ini, kifuko cha nyongo, figo, kizazi, tezi dume na mishipa ya damu, na haifai kabisa kwa kilicho ndani ya uti wa mgongo. Aliyemwandikia mama kipimo hicho hakupoteza pesa zenu. Alitaka kujua kama ni figo. Jawabu limepatikana. Na mawe ya figo hayapelekei mtu ganzi kwenye kidole kidogo cha mguu.

CT skani ni eksirei inayozunguka mwili, kisha kompyuta inajenga picha za vipande vyembamba, mfano wa slesi za mkate, unaweza kutazama slesi moja moja. Mgonjwa wa kwanza alipigwa kichwa kwa mashine ya Godfrey Hounsfield mjini London tarehe 1 Oktoba 1971. Kwa damu kichwani baada ya ajali, mfupa uliopasuka vipande, mapafu, mawe ya figo na tumbo la ghafla, CT ndiyo tunayoikimbilia, na inaisha kwa dakika chache. Diski iliyotokeza inaonekana mara nyingi. Daktari aliyesema CT inatosha hakutamka upuuzi, na kwa mgonjwa ambaye hawezi kuingia kwenye MRI ndiyo njia tunayofuata. Tatizo ni kwamba neva zenyewe, uvimbe wa ndani ya mfupa na maambukizi yanayoanza, CT inayaona kwa shida.

MRI haina mionzi ya aina ya eksirei hata kidogo. Mwili wetu umejaa maji, na maji yana haidrojeni. Sumaku kubwa inazipanga chembe za haidrojeni, mawimbi ya redio yanazitikisa, na zinaporudi mahali pake zinatoa ishara ambayo kompyuta inaigeuza picha. Kwa kuwa diski, neva, uboho na usaha vina maji kwa viwango tofauti, kila kimoja kinatokea kwa rangi yake ya kijivu. Kwa swali la mama, yaani "ni kitu gani kinabana neva ya mguu wa kulia, na ni diski au ni kitu kingine?", ndicho kipimo chenye jibu.

Hapo nimefika kwenye jambo ambalo wagonjwa hawaambiwi: sisi tunaosoma picha tunajibu swali lililoandikwa kwenye fomu. Naletewa fomu kila siku zimeandikwa "maumivu ya mgongo" basi, hakuna upande, hakuna muda, hakuna ugonjwa mwingine. Fomu ya namna hiyo inanilazimisha kuorodhesha kila kasoro ninayoiona, na kasoro kwa mtu wa umri wa mama hazikosekani. Fomu nzuri ya mama ingesomeka hivi: miaka 58, kisukari, maumivu ya kiuno miezi minne yanayoshuka nyuma ya mguu wa kulia hadi wayo, ganzi ya kidole kidogo, nguvu ya kusimamia vidole kiasi fulani, hana homa, ana chuma mguu wa kushoto. Nikisoma hivyo, macho yangu yanakwenda kwanza kwenye neva tunayoiita S1 upande wa kulia, inayopita nyuma ya diski iliyo chini ya pingili ya mwisho ya kiuno, kwa sababu ndiyo inayohudumia wayo na kidole kidogo. Nikiikuta imesukumwa na diski, ripoti itasema hivyo kwa uhakika. Nikikuta diski imetokeza upande wa kushoto, nitasema ipo, ila haielezi maumivu ya kulia. Bila fomu hiyo, diski ya kushoto ingeweza kubebeshwa lawama zote.

Kwa hiyo msianze na nauli ya Dar es Salaam. Hapo Ifakara mna Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Mpelekeni mama kwa daktari atakayemlaza, amnyanyue mguu ukiwa umenyooka, agonge nyuma ya kisigino kwa nyundo ya mpira, amwambie asimame kwa vidole vya mguu mmoja, halafu atembee kwa visigino. Inachukua dakika kumi. Akishindwa kusimamia vidole vya mguu wa kulia pekee, S1 inatajwa. Akishindwa kutembea kwa kisigino, tunahamia neva ya juu yake, L5. Na kama ganzi iko miguu yote miwili sawasawa, inawaka moto usiku, mfano wa mtu aliyevaa soksi, basi huenda sehemu ya tatizo ni kisukari chenyewe kinachoharibu neva za miguu, na hakuna picha ya kiuno itakayoonyesha hilo. Inawezekana pia akawa na vyote viwili.

Miongozo mingi ya tiba haishauri picha yoyote kwa maumivu ya kawaida ya kiuno ndani ya wiki 6 za kwanza, kama hakuna dalili za hatari, kwa sababu wengi hupona bila sisi kuona chochote. Mama ameshapita muda huo, na maumivu yake yanafuata njia ya neva. Ndiyo maana siwaambii msubiri.

Sasa zile homa na kupungua uzito. Katika nchi yetu, mtu mwenye maumivu ya mgongo yasiyoisha lazima tumfikirie TB ya uti wa mgongo, na kisukari huongeza uwezekano wa kuugua TB mara mbili hadi tatu. Eksirei huchelewa hapa: mfupa hupoteza kati ya 30% na 50% ya madini yake kabla jicho halijaona tofauti kwenye filamu. Kwa hiyo eksirei tatu "zilizosagika" hazijaiondoa TB mezani. Kama mama ana hata dalili moja kati ya zile, daktari aandike neno TB kwenye fomu wazi kabisa, aombe na eksirei ya kifua na makohozi, na kwenye MRI tutaongeza dawa ya kontrasti ya gadolini ili usaha na uvimbe ujitenge na nyama nzima. Vivyo hivyo kwa aliyewahi kuugua saratani.

Mwili mzima, basi. Chuo cha Radiolojia cha Marekani, nchi ambayo mashine hizi zimejaa hadi vichochoroni, kilitoa tamko mwaka 2023 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kushauri watu wasio na dalili wapigwe MRI ya mwili mzima. Ukipiga picha mwili mzima wa mtu wa miaka 58 utakuta uvimbe wa maji kwenye figo, kidoa kwenye ini, kinundu kwenye tezi ya shingo. Vingi havina madhara, lakini kila kimoja kinadai kipimo kingine, na huku S1 ya kulia imepigwa haraka haraka kwa ubora mdogo. Mama mwenyewe ana dalili mahali maalumu. Mwili mzima wa nini?

Na uhakikishe hicho kifurushi ni cha mashine gani. Nchini kuna watu wanatembea na kidude cha kushika mkononi, waya mmoja hadi kwenye kompyuta, dakika moja tu kinatoa kurasa nyingi: ini asilimia fulani, mifupa asilimia fulani, "sumu mwilini" imezidi. Mwisho wa kurasa kuna bei ya virutubisho. Kile si kipimo cha picha, hakioni ini wala mfupa wa mtu yeyote. Kama ndicho kilichotangazwa kwenu, hata bure msiende.

Kama mnataka picha moja ya ziada yenye maana mkiwa mjini, mwanamke wa miaka 58 na aulizie mamografia ya matiti. Shirika la Afya Duniani linaizungumzia kwa umri wa miaka 50 hadi 69. Lakini kwanza mguu.

Mionzi. Dunia yenyewe, ardhi, mawe, hewa na anga, inampa mtu wastani wa milisivati (kipimo cha mionzi) 2.4 kwa mwaka, ukichukua dunia nzima. Eksirei ya kifua ni chini ya 0.1 au karibu na hapo. Eksirei ya kiuno ni nzito zaidi, takriban 1.5 kwa seti moja, kwa sababu lazima ipite tumbo zima. Mama amepigwa mara tatu, tuseme 4.5, yaani haijafika miaka miwili ya mionzi ya asili. CT ya kiuno ni kama 6 hadi 10 kwa mara moja. Makadirio yanayotumika ni kwamba milisivati 10 huongeza hatari ya kufa kwa saratani kwa takriban mtu 1 kati ya 2,000 maishani, na kwa mtu mzima wa umri wa mama hatari hiyo ni ndogo zaidi kuliko kwa mtoto. Hofu ya saratani kwa eksirei tatu iondoeni. Kinachoniudhi mimi ni ile ya pili na ya tatu kupigwa wakati ya kwanza ipo nyumbani kwenye bahasha. Kila mnapokwenda, bebeni filamu za zamani zote na mziweke mezani kabla hamjaulizwa. MRI na altrasaundi haziingii kwenye hesabu hii.

Kuhusu chuma cha mguu. Sahani, skrubu na fimbo za mifupa zinazowekwa hospitalini siku hizi ni za titani au chuma cha pua kisichovutwa kirahisi na sumaku, tena zimekazwa kwenye mfupa. Kwa kawaida hazizuii MRI. Zitaharibu picha ya eneo zilipo tu, na sisi tunapiga kiuno. Hata hivyo mseme, mara ya kwanza mkipiga simu na mara ya pili mkifika, na kama mna karatasi ya upasuaji ule muibebe. Vya kuogopwa zaidi ni betri ya moyo, klipu za mishipa ya ubongo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa sikioni, na kipande cha chuma ndani ya jicho, ambacho mafundi wa kuchomelea mageti huwa nacho bila kujua. Fundi wa namna hiyo tunampiga eksirei ya macho kwanza.

Hapa sitanii, kwa sababu sumaku ya MRI haizimwi. Usiku, Jumapili, umeme ukikatika, ipo. Mashine ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) ina nguvu takriban mara 30,000 ya sumaku ya dunia, na inafanya kazi ikiwa imezamishwa kwenye heliamu ya maji yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Julai 2025 huko New York mwanamume aliyeingia kwenye chumba cha MRI akiwa na mnyororo mzito shingoni alivutwa na mashine, akafa. Mlangoni mama ataulizwa maswali yaleyale mara mbili tatu, ayajibu yote. Anavua pete, heleni, saa, sidiria yenye waya, pini za ushungi, wigi lenye vibanio, meno ya kuvua, shanga za kiunoni zenye nyuzi za chuma. Hirizi pia, na hakuna atakayemcheka. Nyingine zina bati ndani. Simu na kadi za benki zinabaki kwako nje. Ukitaka kuingia naye umshike mkono, inaruhusiwa vituo vingi, ila na wewe unavua vyote hivyo.

Ndani atalala chali kwenye kitanda kinachoingia kwenye tundu lenye upana wa sentimita 60 hadi 70, wazi pande zote mbili, lina taa na upepo. Atapewa mpira wa kuminya akitaka kutoka. Mashine inapiga kelele kama ya mtu anayegonga mabati, inanyamaza, inaanza tena kwa mlio mwingine; watampa vya kuziba masikio. Ni dakika 20 hadi 30. Mwambie ukweli huo kabla, na mwambie kwamba kutikisika kidogo tu kunaharibu seti nzima ya picha na inarudiwa. Kama kulala chali kunamuumiza, aombe mto chini ya magoti na dawa ya maumivu ameze saa moja kabla.

Na msimfungishe! Naona watu wanatoka mbali na wagonjwa wa kisukari hawajala tangu jana kwa sababu "anakwenda kwenye kipimo". MRI ya kiuno haihitaji tumbo tupu. Ale, ameze dawa zake kwa saa zake. Kufunga kwa saa 6 hadi 8 ni kwa altrasaundi ya nyongo na ini na baadhi ya CT za tumbo. Metformin nayo haina ugomvi na MRI isiyo na kontrasti. Ikiwa siku moja atapigwa CT yenye dawa ya kontrasti ya ayodini, apimwe kreatinini, kipimo cha damu cha figo, kwanza. Kiwango cha figo kinachokokotolewa humo (eGFR) kikiwa chini ya 30, metformin husimamishwa siku hiyo na saa 48 baada yake, kisha figo zinapimwa tena kabla hajairudia. Kwa gadolini pia tunataka kujua figo zikoje.

Wapi? CT skani zimesogea hadi hospitali nyingi za rufaa za mikoa tangu fedha za mkopo wa UVIKO-19 za mwaka 2021. MRI bado zimekaa miji mikubwa. Kutoka kwenu mkishafika Morogoro mna njia mbili, Dar es Salaam kwenye MOI (taasisi ya mifupa) na Muhimbili, au Dodoma kwenye Hospitali ya Benjamin Mkapa, na treni ya SGR inapita zote mbili, jambo ambalo kiuno cha mama kitalishukuru kuliko basi. Vipo na vituo binafsi vya picha, vingine vizuri sana. Msipande gari kabla hamjapiga simu. Ulizeni mashine inafanya kazi leo? Ni tesla ngapi? (Ya 1.5 inatosha kabisa, za 0.3 au 0.4, zile za wazi, ni nzuri kwa anayeogopa tundu ila picha zake ni hafifu zaidi.) Ripoti inaandikwa na daktari bingwa wa radiolojia, na inatoka lini? Bei mnayotajiwa ina ripoti na CD ndani yake? Kama mama ana bima, kibali cha MRI kiombwe mapema, kwa kuwa bima nyingi hazilipi bila kibali na fomu yenye maelezo duni ndiyo inayorudishwa.

Kwa eksirei na CT, kituo kinatakiwa kuwa na leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Una haki ya kuuliza. Mahali ambapo mlango wa chumba cha eksirei unaachwa wazi wakati wa kupiga, au ndugu wamesimama ndani bila vizuizi vya madini ya risasi, ondokeni tu.

Ripoti itakuja kwa Kiingereza na itatisha. Itasema diski zimekauka, imebinuka huku, imetokeza kule, pengo limepungua. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Wenye miaka 60, asilimia 88 walikuwa na diski zilizochakaa, na asilimia 69 zilikuwa zimebinuka. Hawa ni watu wasioumwa mgongo kabisa! Kwa hiyo usiisome ripoti ukihesabu kasoro. Tafuta sentensi moja tu, inayosema kama neva ya S1 ya kulia imeguswa au haikuguswa, na uipeleke kwa daktari aliyempima mama miguu. Yeye ndiye anayejua kama picha na mguu vinaafikiana. Vikiafikiana, bado upasuaji si lazima. Diski nyingi zilizotokeza husinyaa zenyewe kwa miezi, na mazoezi ya fiziotherapia na dawa za neva huwavusha wengi. Kisu kinazungumzwa pale nguvu za mguu zinapopungua, au maumivu yakigoma kabisa.

Kituoni dai CD yenye picha zote, si filamu mbili tatu zilizochaguliwa, na usiridhike na picha ya filamu iliyopigwa kwa simu dirishani ikatumwa WhatsApp; mimi hutumiwa hizo kila wiki na sithubutu kutoa jibu juu yake. CD na filamu zisikae juani wala kukunjwa. Mama akipata maumivu mapya mwaka kesho, daktari atataka kuziweka sambamba na mpya, na huenda zikamwokolea CT nzima.